Nilivyoanza kuendesha gari kwenye vilima vya mchanga vya Khaluf

Wengi wetu hapa Maskati tukitaka kujifunza kuendesha mchangani tunakimbilia jangwa la Wahiba, kwa sababu ni karibu. Mimi nilianzia Khaluf, mkoa wa Al Wusta, penye vilima vyeupe vinavyoshuka mpaka baharini. Ni mwendo wa saa tano hivi kupitia Sinaw na Mahout, kisha unafika kwenye kijiji cha wavuvi. Jamaa wananiuliza nilijiandaa vipi, nami nawajibu wote hapa, maana pwani ina jambo ambalo jangwani halipo kabisa, nalo ni maji.

Ukishakipita kijiji, njia nzuri ya kuvifikia vilima ni ufukwe wenyewe. Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu na gari linakwenda raha mustarehe. Yakijaa, njia hiyo haipo tena: huku bahari, huku mchanga laini, na gari lililokwama katikati linangojea mawimbi. Kwa hiyo nilipanga siku kwa kutazama mwezi kwanza. Sisi tuliolelewa na wazee wa Unguja tunaijua bamvua: mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hutoka mbali sana, na yakirudi hupanda juu sana pia. Nilitazama jedwali la maji la sehemu ile, nikapanga tuingie ufukweni saa mbili kabla ya maji kufikia kikomo cha kupwa, ili tuwe na nafasi hata tukichelewa. Na kama mnalala huko, kumbukeni kwamba kila siku maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Saa mliyopita leo siyo ya kurudia kesho.

La pili ni upepo wa tairi, na hapa ndipo nataka msomaji wangu asimame kidogo. Watu huuliza gari lina injini gani, wakati kinacholivusha gari mchangani ni namna tairi linavyokanyaga. Shemeji yangu, ambaye amekulia mchangani, alinisimamisha pale lami ilipoishia. Tairi zilikuwa na paundi 35. Nilipozifikisha 18 nikamuuliza, "Shemeji, hapa si panatosha?"

"Kwa gari tupu pangetosha," akasema. "Wewe umebeba maji, hema na majiko. Shusha mpaka kumi na tano."

Nilishusha, kisha akaniambia nisogeze gari hatua chache nikatazame. Pale lilipopita na upepo wote palikuwa na mfereji mwembamba ulioingia ndani, kingo zake zinabomoka. Baada ya kushusha, alama ilikuwa ya juu juu, na kashata za tairi zilisomeka moja moja kama muhuri. Tairi likilegea hutanuka kidogo tu kwa upana. Linaloongezeka hasa ni urefu wa ile sehemu inayogusa chini, na uzito wa gari unagawanyika. Lakini ukiwa na paundi 15 usikate kona kwa ghafla wala usiende mbio, kwa sababu tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi. Kipima upepo na pampu ya kuchomeka kwenye betri ni vitu vya lazima. Usitoke nyumbani bila hivyo.

Vilima vyenyewe nilivipanda kwa miguu kabla ya kuvipanda kwa gari. Nawasihi mfanye hivyo. Upande unaopigwa na upepo huwa na mteremko wa taratibu na mchanga ulioshindiliwa. Upande wa pili una mteremko mkali na mchanga wake ni wa kuporomoka. Usipouona kwa macho huwezi kujua kileleni kuna nini. Kisha unapanda moja kwa moja, huendi mshazari. Gari likilala ubavu kwenye mteremko ndipo hubingirika. Kasi unaikusanya chini, kabla ya kilima, halafu ukikaribia juu unaachia mafuta ili gari lifike kileleni linatambaa. Likikataa kufika, usilikanyagie, utalizika. Tia rivasi urudi kwenye alama zako zilezile.

Breki nilijifunza kuziacha. Ukizikanyaga ghafla, tairi zinajisukumia mchanga mbele na kujenga ukuta. Achia mafuta tu, mchanga wenyewe utalisimamisha gari, na ujitahidi kusimama pale pua inapotazama chini ili kuondoka kuwe rahisi. Tulipanda asubuhi, umande ukiwa bado umeushika mchanga na jua likiwa upande. Adhuhuri mchanga ule mweupe hauna kivuli hata kimoja, shimo na tambarare vinafanana.

Tulikuwa magari mawili, na sitakwenda na gari moja hata nipewe nini. Mwenzetu alikwama kwenye bonde kati ya vilima, mchanga ukagusa tumbo la gari. Hakuongeza mafuta, alizima. Tukautoa mchanga kwa mikono na sepetu, mbele ya kila tairi na chini ya tumbo, tukashusha upepo mpaka paundi 12, tukafunga kamba ya kuvutia. Kamba hiyo hufungwa kwenye ndoano ya chasisi. Isifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, kwa kuwa kikikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa kwa jambo hilo duniani. Watoto waliwekwa mbali, pembeni, si nyuma ya gari wala mbele. Likatoka kwa mvuto mmoja wa taratibu.

Kitu ninachokiogopa kule kuliko mchanga ni sabkha, yale mabwawa makavu ya chumvi upande wa Bar al Hikman. Kwa juu unaona uwanja wa kuchezea mpira, chini ni tope. Gari likitoboa gamba lile, kuvuta kwa gari jingine nalo ni kulitia hatarini. Fuata alama za magari yaliyopita karibuni, na ukiona ardhi imekuwa nyeusi au inang'aa kwa unyevu, geuka. Tena msimu wa baridi kule hutua ndege wa pwani kwa mamia ya maelfu, wamesafiri kutoka kaskazini ya mbali na wanahitaji kula wakati maji yamekupwa. Kuwakimbiza kwa gari ni dhuluma. Zunguka mbali.

Msimu mzuri ni kuanzia Oktoba mpaka Machi. Kati ya Juni na Septemba upepo wa kusi unavuma vibaya, mchanga unarushwa na bahari inachafuka.

Mkitoka mchangani, jazeni upepo kabla ya kushika lami. Tairi lililolegea likienda mwendo wa barabara kuu hupata joto na kupasuka. Na usiku uleule lipelekeni gari kuoshwa chini kwa maji yasiyo ya chumvi, chasisi, springi na nyuma ya breki. Mkingoja wiki, chumvi imeshaanza kula chuma.