Maneno yake yako wapi?

Juzi nakanda unga wa chapati, mwanangu wa mwisho akasimama mlangoni. "Mama, mbona kila siku unaimba 'eee' tu? Maneno yake yako wapi?"

Hata sikujua kwamba naimba. Mikono ikasimama kwenye unga.

Sauti ile niliipata Gjirokastër, kusini mwa Albania, Mei 2015. Bado niko Ioannina, Ugiriki, mwaka ule mbaya, na shoga yangu wa kazini akanivuta tukapanda basi, tukavuka mpaka pale Kakavia kwenda kwenye tamasha la ngoma za jadi, lile lililoanzia kwenye ngome ya mji huo mwaka 1968. Ya jukwaani yalikuwa mazuri: wazee wa kaskazini na lahuta, zeze la uzi mmoja, vijana na çifteli, gambusi la nyuzi mbili, wanaume wenye sketi nyeupe za marinda. Lakini si hayo yaliyonikaa.

Jioni, nje ya ukuta wa ngome, kundi la Watoski, Waalbania wa kusini, wote watu wazima, waliketi kwenye mawe wakaanza kuimba wenyewe kwa wenyewe. Anayeanzisha wanamwita marrës, mchukuaji. Anayempokea ni kthyes, mrudishaji. Wengine wote wana sauti moja ya chini isiyokatika, "eee", ndiyo iso. Bibi mmoja akanisogelea, akasema kwa Kigiriki alichookota kwenye mashamba ya michungwa ya Arta: "Kaa hapa, mwanangu. Tumepungua." Watoto wao wako Athens na Milano.

Nikashika iso. Pumzi ikaniishia, nikaona haya kuiachia, nikajikaza mpaka macho yakaniiva. Bibi akanibana kiganja: pumua. Nikanyamaza, nikavuta pumzi, na sauti haikukatika. Ilikuwa inatoka kwa bibi upande huu na kwa mzee wa kofia nyeupe ya sufu upande ule, inanipita kifuani huku mimi nimefumba mdomo. Nikairudia taratibu, mtu asisikie nilipoingilia. Kisha nikasikia yule mzee anavuta pumzi, na wakati ule ninayemshikia ni mimi.

Nililia. Mama alikuwa na miezi mitatu kaburini Tanga, nami sikuwahi kumzika. Hakuna aliyeniuliza kitu. Waliendelea kuimba, nami nikaendelea kushika, kila pumzi ikija kwa zamu.

Uimbaji huu umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, nami nafurahi kwa moyo wote. Ila pengo lile pale jiweni lilikuwa la mtu, na mimi nililiziba usiku mmoja tu.

Nikamwambia mwanangu aje, ashike "eee", nami nishike, tupokezane pumzi. Akaweza, upesi kuliko mimi. Kisha akaniangalia, anangoja maneno. Siyajui. Sikumwuliza yule bibi.