Sikulaumu

Leo ni siku ya sita, na bado neno moja linanizunguka kichwani kama mbu aliyejipenyeza ndani ya chandarua.

Tulikuwa mlangoni mwa wodi. Mdogo wangu Kitinda, aliyelazwa kwa ugonjwa wa ini, kapewa ruhusa ya kutoka, kakaa kwenye kiti cha chuma, kainama anafunga kamba za viatu. Mimi nimeshika mfuko wa dawa na bahasha ya majibu. Miundi yake ilikuwa na michirizi mitupu, maana wiki mbili nzima alikuwa akijikuna hadi usingizini. Bila kuinua kichwa akasema, "Dada, sikulaumu."

Na mimi, mtu mzima, ninayekula kwa kazi ya maneno, nikajibu, "Haya. Chaja umechukua?"

Basi. Akasema amechukua. Tukaondoka.

Dozi ya chanjo ya korona aliyochomwa kabla ya kuugua nilimhimiza mimi, hilo mnalijua. Sababu pia mnaijua: mapafu mabovu ya mama, na Kitinda ndiye anayelala naye chumba kimoja. "Nenda kachanje, unasubiri nini?" Ujumbe huo bado upo kwenye simu yangu, na nimeusoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Sasa hilo neno. Si-ku-laumu. Kama ni wakati uliopo, hiyo *ku* ni mimi: kwamba leo, saa hii, hanilaumu. Na juzi je? Kama ni wakati uliopita, *ku* ni ya ukanushi tu, na maana yake ni kwamba hakulaumu, hakuwa na lawama na mtu, jambo lenyewe halikumpitia. Kingekuwa kitenzi cha Kibantu, irabu ya mwisho ingeniokoa: sikupigi ni kimoja, sikupiga ni kingine. Lakini *laumu* tumekichukua kwa Waarabu, na ile *u* yake haitikisiki, uje wakati gani. Miaka yote hii nasahihisha prufu za watu, sikuwahi kuona kwamba lugha yetu ina shimo hapo. Nimelikanyaga mwenyewe.

Halafu tuseme ni wakati uliopo. Nani alikuwa ametaja lawama? Mtu haambiwi "sikulaumu" mpaka lawama iwe imeshapimwa mahali, imewekwa mezani, ikatazamwa, ndipo ikarudishwa kabatini.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Jumatatu nimethibitishwa kuwa mkuu wa meza ya prufu, Jumatano tumehama nyumba. Lakini usiku nikilala naona kamba za viatu.

Kwa wale waliokuwa wakiuliza hali yake: ilianza siku ya 13 baada ya sindano. Uchovu wa ajabu, kichefuchefu, kisha mwasho, kisha mkojo wa kahawia iliyokolea. Mama ndiye aliyeona macho. Alimsogeza dirishani, akavuta kope la chini kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, umekuwa wa manjano." Vipimo vilipotoka, ALT ilikuwa 1,140. Kwa wasiozoea: hicho ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini, na kwa kawaida kinachoonekana kwenye damu hakizidi 40 au karibu na hapo. Kikifika huko juu, seli zinapasuka.

Kisha likaja lile zoezi la kufuta mashaka moja baada ya jingine. Homa ya ini A, hapana. B, C, E, hapana. Virusi vingine, hapana. Pombe hanywi. Wakamuuliza mara tatu, kila mara daktari mwingine, kama alimeza parasetamoli nyingi au dawa zozote za mitishamba. Mara ya tatu alikasirika, nami nikafurahi kumwona ana nguvu za kukasirika. Mirija ya nyongo haikuziba. Kilichobaki ni kingamwili zilizopanda, na picha ya mwili unaolishambulia ini lake wenyewe. Ndipo wakachukua kipande.

Waswahili wakisema fulani kanikata maini, wanamaanisha maneno. Huyu mdogo wangu alikatwa ini kwelikweli, kwa sindano, kijipande chembamba kama uzi wa kushonea, na hakutoa hata mguno. Aliyekatwa maini akalia ni mimi, tena kwa neno lililosemwa kwa upole.

Kila asubuhi daktari alimwambia anyooshe mikono mbele na kukunja viganja kwa nyuma, kama trafiki anayesimamisha gari, kisha anamtazama vidole. Siku ya kwanza nilidhani ni mazoezi. Muuguzi akanieleza pembeni: ini likishindwa kabisa, sumu hupanda kichwani, na viganja huanza kupigapiga vyenyewe. Tangu hapo kila asubuhi nilitazama viganja vile bila kupepesa. Havikucheza hata siku moja. Damu yake nayo iliendelea kuganda sawasawa, na hicho ndicho walichokuwa wakikingoja. Ini lililoumia ni jambo moja. Ini lililoacha kazi ni jambo jingine kabisa.

Usiku nilisoma. Mnanijua. Kuna ripoti ya mwaka 2022 iliyokusanya wagonjwa 87 kutoka nchi 18, walioumia ini baada ya chanjo za korona, na muda wa katikati tangu sindano hadi ugonjwa ulikuwa siku 15. Nikahesabu vidole: siku 13. Zaidi ya nusu walipewa dawa za steroidi, za kuutuliza mwili usijishambulie, kama Kitinda. Mmoja tu ndiye aliyehitaji kupandikizwa ini. Wengine wote hali zao zilitengemaa. Wagonjwa 87, katika miezi ambayo watu waliochanjwa duniani walihesabiwa kwa mabilioni. Hesabu hiyo inatuliza sana, ila haina kiti pembeni ya kitanda.

Nikasoma pia habari ya mwaka 1942, na hii imenikaa kwa sababu ya jina. Wanajeshi wa Marekani walichanjwa dhidi ya homa ya manjano, na wapatao 50,000 wakaugua, macho yakawa ya manjano. Homa ya manjano haikuwapata. Chanjo ilichanganywa na ute wa damu ya binadamu, na ndani ya ute huo mlikuwa na virusi vya homa ya ini B, ambavyo wakati huo hakuna aliyekuwa amevitia machoni. Ute ukaondolewa, chanjo ikaendelea kuokoa watu. Huko angalau kilikuwepo kitu cha kunyooshea kidole. Cha Kitinda hakina chupa iliyochafuka.

Sasa karatasi. Kwenye fomu ya kuruhusiwa wameandika: "Jeraha kali la ini kufuatia chanjo." *Kufuatia*! Wenzangu kazini mnajua ninavyolichukia. Kila prufu ikinifikia nalifuta na kuandika pembeni: "baada ya, au kwa sababu ya? Amua." Nilitoa kalamu kabisa, pale pale kaunta. Kisha nikairudisha mfukoni. Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba wakati unaoana, lakini ushahidi wa chanzo hautoshi, na kwamba hata wanaopitia taarifa za watu waliougua baada ya chanjo wana fungu lake maalumu, la yasiyoweza kuamuliwa. Kwa mara ya kwanza maishani nimekutana na sentensi ambayo neno lile limekaa mahali pake.

Mjomba hakuhitaji fungu lolote. Ametuma sauti ya dakika nne kwenye kundi la ukoo. Nimeisikiliza dakika moja. "Niliwaambia" zilikuwa tatu.

Jana usiku, saa tisa, simu ikalia. Moyo ukaniruka. Kumbe Kitinda hana usingizi, prednisoloni, ile steroidi yake, imemkesheza, amepanga kabati zote za mama upya na sasa anapanga maneno. Uso umeanza kumvimba mashavu, anasema anafanana na picha yake ya utotoni. ALT imeshuka hadi 210. Anacheka. Jamani, anacheka mpaka anakohoa, mama anamnyamazisha kutoka kitandani.

Alichotaka ni nimsahihishie ujumbe wa kumjibu mjomba. "Maana ukikosea herufi moja atajibu herufi, hatajibu hoja," akasema. Kweli kabisa. Nikausoma gizani, nimejifunika shuka:

*"Shikamoo mjomba. Niliugua ini kufuatia chanjo. (Dada, najua hulipendi hili neno, niambie niweke lipi.) Madaktari wanasema ya aina ile nisirudie kabla ya kuwauliza, kwa sababu wapo waliorudiwa na ugonjwa kwa dozi nyingine. Hayo ni yangu. Mama ini lake ni zima na mapafu yake ndiyo mabovu, kwa hiyo naomba usimtishe, yeye ya kwake atachanja. Simlaumu mtu."*

*Si-m-laumu.* Wakati uliopo, hakuna ubishi. Ungepita, ingekuwa *sikumlaumu*. Nilikaa kitandani nikaangalia ile *m* kama mtu aliyeokota pete yake. Kisha nikaanza kuwaza kwamba *mtu* hapo ni mimi, nimefichwa katikati ya watu wote, na sijui kama hiyo ni heshima au ni adhabu. Nikacheka peke yangu.

Nikamjibu: "Kufuatia liache. Ondoa mabano tu."

"Dada, leo unaumwa?" akaandika.

Sikulala tena. Nilitaka kumpigia nimuulize, nikaona saa kumi kasoro si saa ya kuulizana sarufi. Nitamuuliza Jumamosi tukienda kupima damu. Au nisimuulize.

Halafu kuna paka. Tangu Jumatano tulipohama hajala kitu, amejibanza nyuma ya mashine ya kufulia na hataki kutoka. Nimeweka kisahani karibu kabisa na pua yake. Asubuhi kilikuwa kimesogezwa kidogo, lakini hakijaguswa.