Mlango wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na duka la rejareja kando ya barabara ya Ggaba, upande wa Nsambya, si mbali na nyumba za reli tulimokaa sisi. Aliuza chumvi, sabuni ya mche, viberiti, mafuta ya taa ya kupima kwa chupa, na sukari siku sukari ilipopatikana. Miaka ile ya magendo mwenye gunia la sukari alisalimiwa hata na watu asiowajua.

Nyumbani tulisema Kiswahili. Babu alipanda na reli kutoka pwani, na reli ilipofika Kampala mwaka 1931 naye akafika nayo, akaoa, akazeeka hapo hapo. Baba akashika useremala wa mabehewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 wenzake wengi walivuka mpaka wakarudi Kenya. Sisi hatukuwa na pa kurudi, basi tukabaki na lugha yetu. Haikuwa raha sana kuwa nayo. Katika Kampala ya wakati ule Kiswahili kilikuwa cha kambini na cha vizuizi vya barabarani, cha wale waliokuja alfajiri kuwapakia watu kwenye malori, mambo yaliyoitwa panda gari. Jirani mgeni akitusikia tukiongea uani aliuliza kwa upole kama tuna ndugu jeshini.

Jumamosi ya tarehe 27 Julai 1985 redio ilitangaza kwamba serikali ya Obote imepinduliwa. Habari za majenerali zimeandikwa na wengine, siziongezi. Kwetu sisi mapinduzi yalikuja kwa sauti ya kufuli zinazopigwa risasi. Askari walifyatua, wakaingia, wakachagua walichotaka, na walipotoka raia wakaingia nyuma yao kumaliza. Niliona mtu amebeba friji mgongoni mchana kweupe, na nyuma yake mtoto akimfuata na waya wake.

Alasiri walifika kwa shangazi. Yeye alikuwa amekwisha kutokea mlango wa uani na wanawe wawili, wakaja kwetu bila viatu. Tulichojua baadaye ni kwamba walipiga kufuli risasi, kisha wakaumaliza mlango kwa mateke. Walichukua sukari yote, sabuni, na redio yake. Lori likapiga honi barabarani wakakimbilia kupanda, wakaacha karibu nusu ya duka: chumvi, viberiti, unga, pipa la mafuta ya taa, na chumba cha nyuma chenye cherehani ambayo hawakuiona.

Nilidhani tutahamisha vitu. Baba alikataa. Kubeba gunia barabarani siku ile ilikuwa ni kujitangaza. Tungeibiwa njiani, au tungeshikwa kama waporaji. "Vitu vikae vilipo," alisema. "Tunafunga mlango."

Jua lilikuwa linateremka tulipofika. Ulikuwa mlango wa mabawa mawili, wa mbao, wenye upao wa chuma wa kukingama kwa nje. Bawa la kulia lilipasuka kutoka juu hadi katikati. La kushoto lilikuwa zima ila lina matundu matatu ya risasi. Mwimo mmoja uling'oka na bawaba zake zote, ukabaki unaning'inia na vipande vya saruji. Mimi nilianza kuusukuma ule mwimo urudi mahali pake. Baba akaniambia niuache, kisha akapita akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kulia na kushoto, ndani na nje. Ukuta ulikuwa wa matofali ya kuchoma, unene wa inchi 9, na haukuwa na ufa.

Jirani, mzee mmoja aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli, alitoka na ushauri wake. Alikuwa na mabati mapya, karatasi mbili, na misumari ya inchi 4. Tukipiga bati juu ya mlango, alisema, saa moja tumemaliza. Baba alimshukuru vizuri, kisha akakataa vyote viwili. Nyundo, alisema, inasikika mpaka Kibuli. Kila anayezunguka na bunduki atajua kuna mtu anaficha mali. Na bati linalong'aa usiku ule ni tangazo. Mzee alikunja uso. Akarudi kwake akatia kufuli mpya juu ya kufuli ya zamani.

Mbao zetu zilikuwa za sakafu ya behewa la mizigo, kuukuu, zenye weusi wa grisi na matundu ya zamani. Baba alizinunua zilipotupwa karakana, akaziweka nyuma ya jiko letu kwa kazi ambayo hakuwahi kusema ni ipi. Tulizipitisha vichochoroni, yeye mbele mimi nyuma, tukizirudia. Hakuna aliyetusimamisha. Pamoja nazo alichukua keekee, spana mbili, na boliti ndefu zilizokuwa kwenye kopo la rangi. Boliti zilikuwa tano. Alitaka sita.

Nieleze alivyofanya, maana sijaona fundi mwingine akiifanya kazi hiyo vile, na nadhani inafaa kujulikana. Mlango uliovunjwa haushikiki kwa mwimo wake, kwa sababu nguvu yote ya mlango imo katika mwimo na mwimo ndio ulioondoka. Ukipigilia ubao kwenye mwimo uliolegea, teke moja linaondoa vyote pamoja. Basi baba aliuacha mwimo kabisa. Tulisimamisha mabawa yote mawili katika uwazi, lile lililopasuka na lile zima, yakasimama kama yalivyo. Kwa nje akalaza mbao tatu za kukingama, ya kifuani, ya magotini na ya chini karibu na kizingiti, kila moja ndefu kuliko uwazi, ikiupita ukuta kiasi cha futi moja kila upande. Kwa ndani, sambamba na zile za nje, mihimili mitatu, nayo ikiegemea ukuta kulia na kushoto. Kisha boliti zikapita toka nje hadi ndani, zikavuta ubao wa nje na mhimili wa ndani vikaubana ukuta katikati. Anayesukuma kutoka nje anasukumana na mihimili iliyolala kwenye matofali. Anayevuta anavutana na boliti. Misumari haimo.

Boliti zenyewe zilikuwa za kichwa cha mviringo, laini, na chini ya kichwa shingo ya mraba. Shingo ile inajikita ndani ya ubao isizunguke. Kwa nje haiachi pa kushika kwa spana wala bisibisi. Nati iko ndani, kwa mwenye nyumba.

Kutoboa kwa keekee ni kazi ya mkono na ya kifua, unaegemea kitako chake huku unazungusha, lakini hakuna kelele, ni unga wa mbao tu unaokuangukia miguuni. Tatizo lilikuwa kulinganisha matundu, kwa sababu kati ya mabawa na mhimili wa ndani palikuwa na nafasi na ncha ya keekee haikufika. Baba alipitisha waya ulionyooka katika tundu la nje, mimi ndani nikangoja ukaguse mhimili, nikatia alama kwa kipande cha kaa. Halafu nikatoboa upande wangu. Shangazi alinishikia taa ya chemni, ameizungushia kanga mwanga usitoke, naye alisimama mbali na lile pipa la mafuta kwa amri ya kaka yake. Giza lilikuwa limeshaingia. Nilisikia sauti ya baba ikipita katika tundu la risasi.

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Tia washa kwanza, halafu nati. Kaza. Kaza tena. Basi, utakata uzi."

Tukaenda hivyo mpaka ya tano. Ubao wa chini ulipata boliti moja tu, ya katikati. Misumeno hatukuitumia kabisa, kwa hiyo ncha za mbao nje zilitoka kila moja na urefu wake. Shangazi, ambaye alikuwa mtu wa kupaka chokaa ukuta wake kila Idi, alitazama akasema duka limekuwa zizi. Baba akamwambia ndivyo anavyotaka.

Hapo ndipo walipogombana. Baba alitaka chumvi imwagwe kizingitini, na makatoni yaliyopasuliwa yatupwe mbele, mtu akipita na tochi aone kwamba hapa wameshapita. Shangazi hakuwa tayari kumwaga chumvi. "Fundi, umenifungia mlango, sasa unataka kunifilisi mwenyewe?" Chumvi wakati ule ilipanda bei kila wiki, na mimi kimoyomoyo nilikuwa upande wake. Walinong'onezana kwa hasira pale uani huku bunduki zikisikika upande wa Katwe. Mwishowe alitoa unga wa mahindi ulioingia fukusi, debe lisilojaa. Baba akaumwaga kwa mikono miwili, akaukanyaga, akaacha nyayo mpaka barabarani. Aliitupa na kandambili moja ya mtoto. Sijui kandambili aliifikiria saa ngapi.

Kurudi nyumbani hakukuwezekana tena. Tulilala humo sote, watoto waliletwa na mama yangu kupitia uani kabla njia haijafunga, naye akabaki. Baba alitupanga. Hakuna aliyeruhusiwa kulala mkabala na mlango. "Ubao hauzuii risasi, dada. Unazuia mguu." Tulilazwa sakafuni nyuma ya kona ya matofali, magunia ya chumvi yakiwa kando yetu. Spana aliifunga kwa kamba kwenye mhimili wa juu, akatufanya kila mmoja aiguse gizani aijue ilipo, hata yule mdogo. Mlango wa uani nao alikataa kuuziba, akautia komeo la ndani tu. Ndani ya nyumba kuna pipa la mafuta ya taa, alisema. Mtu akituchoma nataka tutoke, sitaki tuwe salama humu. Shangazi alisema astaghfirullah.

Walipita mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili tulisikia viatu, na mwanga wa tochi ukaingia katika yale matundu matatu ya risasi, ukatembea juu ya rafu. Mmoja alisema kwa Kiswahili, "Hapa wamekwisha." Mwingine akajibu kwa Kiganda, sikumshika. Halafu teke. Mhimili uligonga ukuta, saruji ikatudondokea. Teke la pili lilikuwa chini, kwenye ubao wa boliti moja, nao ulizunguka kidogo, nikausikia ukikwaruza sakafu. Baba alikwenda kwa magoti akaukalia ule mhimili wa ndani, mgongo wake kwenye mlango, pale pale alipotukataza. Mama alimshika shati. Hakuna aliyesema neno.

Wakachokonoa kwa kitu cha chuma, kipande cha ubao kikapasuka. Yule wa Kiswahili akasema tena, sasa kwa uchovu, kwamba wanapoteza muda, na kwamba jirani kuna kufuli.

Kwa jirani walikuwa wepesi. Risasi mbili, moja kwa kila kufuli. Mzee mwenyewe hakuwa ndani, namshukuru Mungu, lakini asubuhi hakuwa na hata mnyororo mmoja wa baiskeli, na yale mabati mapya yalikwenda pia.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini hasa kilichotuponya. Baba daima alisema boliti. Shangazi alisema dua. Mimi naamini ni unga wenye fukusi na uvivu wa askari wa saa tisa usiku, kisha boliti. Na siwezi kusahau kwamba kama wasingeziona kufuli za jirani wangekuwa na muda wa kutosha.

Zile mbao ziliwekwa ziwe za siku mbili tatu. Hazikutoka. Mji ukagawanywa kati ya jeshi na vikundi vyenye silaha, kila kimoja na mitaa yake, huku serikali mpya ya kijeshi na NRA, waasi wa Museveni, wakizungumza Nairobi amani waliyoitia saini Desemba bila kuifuata. Shangazi aliuza kwa mlango wa uani, wateja wakapita jikoni kwake, na naamini alipenda, kwa sababu alipata kila umbea. NRA walipoingia Kampala Januari 1986 bado mlango wa mbele ulikuwa behewa.

Februari alikwenda Katwe kwa wachomeleaji akaagiza mlango wa chuma. Baba akaja kufungua kazi yake, nami nikiwa na spana ile ile. Mvua zilikuwa zimezila nati. Tulizimwagia mafuta ya taa tukangoja. Tatu zilitoka, mbili zikakataa, akazikata kwa msumeno wa chuma huku akilalamika kwamba boliti za namna ile hazipatikani tena popote. Akadai kilo mbili za sukari, fidia ya boliti mbili. Shangazi akakubali kwa sharti kwamba kwanza alipwe debe la unga na kandambili.

Walibishana mpaka mlango mpya ulipofungwa na wachomeleaji wakaondoka. Baba alipata nusu kilo. Mbao ni mimi niliyezibeba.