Samoni kwenye jiko la Malindi
Wageni wa hoteli yetu hapa Malindi wakiagiza samoni, mimi ndiye humpika. Bahari yetu haina samaki huyu. Huletwa kwenye barafu, na wengi wa kufugwa hutoka Norway.

Nampenda kwa mafuta yake. Nguru ukimsahau kidogo motoni hukauka, samoni hustahimili. Naikausha ngozi kwa kitambaa, natia chumvi, namlaza upande wa ngozi kikaangoni, moto wa wastani, simgusi. Rangi hupanda kutoka chini, wekundu wa machungwa ukigeuka waridi hafifu. Ikikaribia juu, namgeuza mara moja na kuepua. Ndimu, basi. Tui la nazi simtilii kabisa.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni safari yake. Huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi kutaga kwenye mto uleule, akiutambua kwa harufu. Wengi wa Pasifiki wakishataga hufa.

Nilipomweleza mdogo wangu mvuvi, aliacha kushona wavu. "Sasa kaka, akikuta mto umezibwa?"

Nikamwambia hukwama hapo, ndiyo maana baadhi ya mabwawa hujengewa ngazi za maji, apande kidato kwa kidato.