Siena, ukutani na nje ya malango

Jana nililala mjini Siena, Italia, leo niko shamba, upande wa kusini, kwenye nyumba ya mawe juu ya kilima cha udongo wa kijivu. Oktoba inaisha. Ngano ilishavunwa tangu kiangazi, mashamba yamelimwa upya na yako wazi, madongoa makubwa makubwa mpaka macho yanapoishia. Huku wanakuita Crete Senesi. Picha za matangazo huonyesha majani mabichi ya masika. Mimi nimekuta ardhi tupu, na nimeipenda hivyo hivyo.

Kilichonileta ni ukuta mmoja. Watalii wengi hupanda treni kutoka Florence asubuhi, wakapiga picha Piazza del Campo, wakala aiskrimu, jua likitua wameshaondoka. Siwalaumu, uwanja ule unatosha kumshibisha mtu: umeinama kama upawa, matofali yamegawanywa mafungu tisa kuwakumbuka wale Tisa walioitawala Siena tangu 1287 hadi 1355. Walikuwa wafanyabiashara na watu wa mabenki. Mwaka 1338 walimwita mchoraji Ambrogio Lorenzetti awachoree kuta za chumba chao cha mikutano ndani ya Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji: utawala mwema, utawala mbaya, na kila mmoja unachozaa. Bikira Maria yuko ukumbi wa jirani, kazi ya Simone Martini. Humu anayetazamwa ni mwananchi.

Nilisimama mbele ya ukuta wa utawala mwema mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Nusu yake ni mji: mafundi juu ya jukwaa wanajenga, duka la viatu, mwalimu na wanafunzi wake, wasichana wanacheza ngoma katikati ya njia. Kisha linakuja lango, na baada ya lango, shamba. Hapo ndipo nilipoganda. Wakulima wanapanda kuelekea mjini na punda wenye mizigo, na mmoja anaswaga nguruwe mweusi mwenye mkanda mweupe begani, aina ile ile inayofugwa huku hadi leo. Wakati huohuo matajiri wanatoka, wamepanda farasi, wanakwenda kuwinda na kipanga. Lango ni lilelile. Wanaoingia wameleta chakula, wanaotoka wamekwenda kujifurahisha.

Juu yao anaruka mwanamke mwenye mabawa, jina lake Usalama. Mkono mmoja ameshika maandishi yanayoahidi kwamba kila mtu huru atatembea bila hofu, alime na kupanda. Mkono wa pili ameshika mti wa kunyongea, na mtu ananing'inia. Kadiri nilivyomtazama ndivyo nilivyozidi kuona kuwa wale Tisa walijua sana kujisifu. Mchoro ni mzuri kupita kiasi, lakini aliyelipa ndiye aliyeamua shamba lionekaneje: lina amani, linazaa, na halilalamiki. Ukuta wa utawala mbaya, wenye mtawala mwenye pembe, umeharibika sana. Plasta imedondoka na mashamba yake hayaonekani vizuri.

Kwenye jumba hilohilo kuna roshani kubwa ya nyuma inayotazama kusini. Nenda, usiikose. Mbele yako bonde la kijani limeingia ndani kabisa ya kuta za mji, miti na vishamba vya mboga, na ng'ambo yake vilima vinaanza. Macho yanatoka kwenye rangi yanaingia kwenye udongo wenyewe.

Kanisa kuu nalo nililiona, bila shaka. Mwaka 1339 walianza kulipanua ili liwe kubwa ajabu, kisha tauni ya 1348 ikaua watu wasiohesabika, na kazi ikasimama. Ukuta wa mbele wa lile jengo lisilokwisha bado uko pale, mtupu, watu wanalipa kuupanda. Inaaminika Ambrogio mwenyewe, na ndugu yake Pietro, waliondoka na tauni hiyohiyo.

Mwenye nyumba niliyofikia ni mama wa makamo ya bibi yangu. Aliniuliza kwanza kama nala nguruwe, nikamwambia hapana, akaniwekea pici, tambi nene za kusokotwa kwa mkono, na mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu kikubwa cha huku. Tukiwa mezani akanieleza kwamba alizaliwa humuhumu, kwenye chumba ninacholala. Baba yake hakuwa mwenye shamba. Alilima kwa mkataba wa nusu kwa nusu: bwana anatoa ardhi na nyumba, familia inatoa nguvu, mavuno yanagawanywa. Sikukuu zikifika, kuku na mayai vinapelekwa kwa bwana mjini, juu ya ile nusu. Utaratibu huu ulidumu mkoa huu wa Toscana kwa karne nyingi; sheria ya 1964 ndiyo iliyopiga marufuku mikataba mipya. Wakati huo vijana walikuwa wameshaanza kuhamia viwandani, nyumba zikabaki na popo.

Ndizo nyumba hizi tunazolala wageni leo, zenye misaiprasi kwenye njia na mabwawa ya kuogelea pale palipokuwa na mazizi. Utulivu ninaoulipia umetokana na watu kuhama. Nilimwuliza mama kama inamuuma. Akacheka. Akasema wanaolilia maisha yale ni watu ambao hawakuyaishi, kwamba majira ya baridi ng'ombe walilala chini na joto lao ndilo lililowapasha watoto juu, na kwamba yeye bafu la maji moto halibadilishi na kitu.

Nikamwonyesha kwenye simu picha niliyoipata ya ule mchoro. Alipelekwa kuuona akiwa shuleni, akasema, na mwalimu alizungumza sana kuhusu haki. Akavaa miwani, akakuza picha kwa vidole viwili, akapita wasichana wanaocheza, akapita lango, mpaka akamfikia yule mkulima na nguruwe wake.

"Huyu anakwenda mjini," akasema. "Basi nusu ya huyo nguruwe si yake."

Kisha akaniuliza kesho nataka kahawa saa ngapi.