Taa ya bodi inawaka, lakini kompyuta haioni kitu

Umechomeka bodi ya kielektroniki kama Arduino, Pico au ESP32 kwenye kompyuta ili uipakie programu. Bodi ikiwaka taa, wengi huamua kwamba waya ni mzima na kukimbilia kupakua draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Taa inathibitisha umeme tu. Waya wa USB 2.0 una nyuzi nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya ardhi, halafu nyeupe na kijani zinazobeba data. Nyaya nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchajia zina zile mbili za kwanza peke yake. Kwa hiyo kabla ya kugusa programu yoyote, chukua waya ambao umeshauona ukihamisha mafaili kutoka kwenye kifaa kingine, na uuchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kupitia habu (kigawanyaji cha matundu ya USB).

Kisha uiulize kompyuta yenyewe. Kwenye Linux, fungua teminali, andika `sudo dmesg -w`, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, halafu chomeka bodi huku ukitazama. Kukiwa kimya kabisa, kwa kawaida tatizo ni waya, tundu, au lehemu iliyoachia kwenye tundu la bodi. Ukiona `device descriptor read/64, error -71`, kompyuta imehisi kifaa lakini mazungumzo yamevurugika: badilisha waya na tundu. Ukiona `ch341-uart converter now attached to ttyUSB0`, yaani chipu ya USB ya bodi imetambuliwa na kupewa poti iitwayo ttyUSB0, upande wa vifaa uko salama.

Kwenye Windows, angalia Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), na hapa ndipo watu wanapopoteza jioni nzima. Chipu inayoonekana kwa jina lake ikiwa na alama ya njano kwa kawaida inahitaji draiva. Lakini maneno “Device Descriptor Request Failed” yana maana nyingine: kompyuta haijaweza hata kusoma utambulisho wa kifaa, kwa hiyo haijui ni draiva ipi ya kukitafutia. Kusakinisha draiva ya CH340, chipu ya USB iliyoko kwenye bodi nyingi za bei nafuu, mara tano hakutabadilisha chochote hapo. Rudi kwenye waya.

Ili kujua chipu ya USB uliyonayo, amri ya `lsusb` kwenye Linux inatosha; tazama namba ya utambulisho. 1a86:7523 ni CH340, 10c4:ea60 ni CP2102 na ndugu zake, 0403:6001 ni FT232R, na 2341:0043 ni Arduino Uno R3 halisi.

Ubuntu 22.04 ina mtego wake. CH340 inapata ttyUSB0, kisha papo hapo inatoweka, na dmesg inataja `brltty`. Hiyo ni huduma ya vifaa vya Braille, na inaidhania bodi yako kuwa kimojawapo. Kama hakuna anayetumia Braille kwenye mashine hiyo, `sudo apt remove brltty` inamaliza kazi. Poti ikibaki lakini ukanyimwa ruhusa, andika `sudo usermod -aG dialout $USER`, toka kwenye akaunti, uingie tena. Bila kutoka, mabadiliko hayashiki.

Bodi yenye tundu la USB-C ikifanya kazi kwa waya wa A kwenda C lakini ikazimika kabisa kwa waya wa C kwenda C, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtengenezaji hakuweka rizista mbili za 5.1 kΩ kwenye pini za CC, ambazo kompyuta huzitumia kutambua kwamba kuna kifaa kimechomekwa. Bila hizo, tundu la C la kompyuta halitoi umeme. Tumia waya wa A kwenda C.

Bodi za Arduino Leonardo na Raspberry Pi Pico ni habari nyingine, kwa sababu chipu kuu ndiyo inayoendesha USB, bila chipu ya pembeni kama CH340. Programu uliyopakia ikiganda, poti inatoweka nayo, na bodi huonekana imekufa kumbe ni nzima. Kwenye Pico, shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka waya. Diski ya RPI-RP2 ikitokea, waya na chipu ni vizima; kosa limo kwenye programu yako. Kwenye Leonardo, bonyeza kitufe cha reset na upakie ndani ya sekunde nane hivi, kabla programu ya zamani haijaanza.

Poti ikiwepo lakini upakiaji ukakwama kwa `not in sync: resp=0x00`, ng'oa kila kilichounganishwa kwenye pini 0 na 1, maana moduli ya Bluetooth au GPS iliyoko hapo inazungumza kwenye njia ileile ya USB. Kwa Arduino Nano, jaribu chaguo la “Old Bootloader” kwenye Arduino IDE (bootloader ni programu ndogo ndani ya bodi inayopokea programu yako), linalotumia kasi ya 57600 badala ya 115200. ESP32 inayoandika `Connecting....` bila kufika popote inataka ushikilie kitufe cha BOOT mpaka uandishi uanze.

Na kama poti inakatika pale tu servo (mota ndogo inayoendeshwa na bodi) inapoanza kuzunguka, umeme hautoshi. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, na servo ndogo inayokwama inaweza kuzimaliza peke yake. Ipe servo umeme wake wa volti 5, unganisha ardhi zote mbili pamoja, na usiunganishe ile volti 5 ya nje na pini ya 5V ya bodi wakati waya wa USB umechomekwa.