Ua wa nyuma ya nyumba, Malindi: kazi niliyofanya mwenyewe na ile niliyomwachia fundi

Ua wa mvinje na makuti ukianza kulala, ugonjwa hauko juu unakoonekana. Uko pale mti unapoingia ardhini, inchi mbili tatu chini ya mchanga. Chini zaidi hewa ni haba, juu kunakauka na upepo. Hapo katikati unyevu na hewa hukutana, mti ukaoza, na mchwa nao huanzia hapohapo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya fundi yeyote, nilifukua kila mti kina cha kiganja na kuuchoma kwa bisibisi. Bisibisi ikizama kwa kusukuma kidogo, mti huo umekwisha, hata kama ukiugonga juu unalia kama mpya. Ikiwa mibovu ni michache, badilisha hiyo tu. Wangu uliliwa karibu wote, kwa hiyo nikaamua kuanza upya.

La kwanza ni mpaka. Usiichukulie fensi ya zamani kuwa ndiyo mpaka, maana ua wa miti husogea kila unapokarabatiwa. Tafuta bikoni zenyewe, yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpima. Kama moja haionekani, mlete mpima ardhi mwenye leseni, na jirani awepo akishuhudia. Usiing'oe bikoni wala usiihamishe kwa ajili ya shimo la nguzo: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imelifanya hilo kosa. Mimi niliziweka nguzo zangu ndani ya mstari kwa upana wa kiganja, na ugomvi ukawa haupo.

Kisha vifaa. Mvinje ni rahisi kupata hapa lakini mchwa huupenda. Mwarobaini unastahimili zaidi, tatizo ni kuupata ulionyooka. Boriti za mkoko, zinazouzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, ni ngumu kweli, ila mikoko ni msitu wa serikali na hukatwa kwa kibali cha Shirika la Huduma za Misitu. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi, mwache. Nguzo za mti uliotiwa dawa kiwandani ni nzuri, kwa sharti moja: ukiukata, upande uliokatwa uangalie juu, kwa sababu dawa haikufika moyo wa mti na ukiufukia mkato huo umewafungulia mchwa mlango. Oili chafu ya gari ambayo wengi hupaka miguu ya nguzo siipendi karibu na kisima.

Mimi nilichagua nguzo za zege na waya wa cheni linki, ule wavu wa waya uliofumwa. Makuti hushika upepo kama tanga, na kusi likikaza nguvu yote huishia kwenye nguzo. Cheni linki huupitisha. Kama nyumba iko ufukweni kabisa, mahali dirisha linapoota chumvi, ushauri wangu ni tofauti: acha waya, jenga ukuta wa mawe ya matumbawe, na hiyo ni kazi ya mwashi tangu mwanzo hadi mwisho. Na aliye Lamu mjini apige hesabu yake mwenyewe, kwa sababu nguzo za zege huko husafiri kwa mashua kisha kwa punda, na huenda boriti zikamtoka nafuu hata akizibadilisha mara mbili.

Sasa hesabu. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, na nilihitaji kuzungushia upande mmoja mrefu na upande wa nyuma: futi 150, karibu mita 46. Nguzo husimama kila mita 3 hivi au pungufu. Upande mrefu, mita 30.5, niliugawa nafasi 11. Upande mfupi, mita 15.2, nafasi 5. Nafasi 16 zinataka nguzo 17. Kati ya hizo, 3 ni za kubeba mzigo: mbili za mwisho na moja ya pembe, pande hizo mbili zinapokutana. Zilizobaki 14 ni za kushikilia tu. Ongeza nguzo 4 za kuegemeza, moja kwa kila mwisho na mbili kwa pembe. Cheni linki ya futi 5 huuzwa kwa roli ya mita 18, kwa hiyo roli 3.

Nguzo ya kawaida ni ya futi 7, upana inchi 4 kwa 4. Sentimita 60 huingia ardhini, na mita 1.5 hubaki juu. Zile 3 za mzigo nilizichukua za futi 8 na kuzizamisha sentimita 90, vichwa vikalingana. Nguzo ya futi 7 ina uzito wa kilo 50 hivi; zote pamoja zilizidi tani moja, kwa hiyo tuktuk haiwezi, ni kanta, yaani lori dogo. Wakati wa kupakua usikubali nguzo ishikwe ncha mbili tu huku katikati ikining'inia. Hapo ndipo nyufa nyembamba kama uzi huanza, chumvi ikaingia hadi kwenye chuma, na baadaye nguzo ikapasuka kwa kutu iliyovimba ndani. Pale unaponunua, mwagia nguzo maji: ufa ukiwepo utabaki mstari mweusi wakati kwingine kumeshakauka. Ukiona chuma kimechungulia popote, irudishe.

Uamuzi wa nani afanye nini sikuutoa kwenye bei. Niliipitia kazi kipande kwa kipande na kuuliza: hapa pakikosewa, panarekebishika? Shimo likienda kombo unalifukia na kuchimba tena. Waya ukifungwa vibaya unafunguliwa. Lakini nguzo ya pembe ikishaganda imeinama, huna dawa ila kuivunja, na ile ya kawaida ikikaa nje ya mstari utaitazama kila asubuhi. Kwa hiyo kubomoa, kupima, kuchimba, kumwagilia na kufunga waya nikafanya mwenyewe na kibarua mmoja. Kusimamisha nguzo 3 za mzigo na egemeo zake, na kukaza waya, nikampa fundi. Zile 14 za kati fundi alisimamisha mbili za kwanza, nyingine tukaendelea wenyewe kwa kufuata kamba.

Kubomoa, vaa glavu na viatu vizima. Chini ya makuti ya zamani kuna nge, na misumari ya kutu haionekani.

Kila upande, kamba ifungwe juu na chini baina ya nguzo ya mwisho na ile ya pembe, maana kamba moja haitakwambia kama nguzo imelala. Pembe ikaguliwe kwa mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na ulalo wa mita 5. Kama viwanja vyenu si vya pembe mraba, bikoni ndiyo inayoamua, si hesabu hii. Mashimo ya kawaida ni sentimita 30 kwa 30, kina 60. Kwenye mchanga mkavu kuta hubomoka na shimo linakuwa sufuria, na kila sentimita inayopanuka ni saruji yako. Mwagia maji jioni, chimba asubuhi. Sehemu nyingine za Malindi utakutana na mwamba wa matumbawe kabla hujafika kina. Hapo mtaimbo na subira. Ukishindwa kabisa, sogeza shimo kidogo na upunguze nafasi, usifupishe kina.

Mashimo ya nguzo za mzigo ni sentimita 45 kwa 45, kina 90. Egemeo likae upande ambao waya unavutia, chini ya mstari wa fensi yenyewe, likiishika nguzo sehemu ya juu, na mguu wake uwe mita 1.2 hivi kutoka shina. Nimeona nyua ambazo egemeo limewekwa upande wa nje kwa sababu ndani kulikuwa na mpapai. Egemeo la hivyo halisukumi chochote, ni pambo.

Zege ya mashimo ni moja kwa tatu kwa sita: saruji, mchanga, kokoto. Mfuko wa kilo 50 ulitosha mashimo 4 ya kawaida na zege kidogo ikabaki. Nguzo 3 za mzigo zilikula mifuko miwili na robo hivi, egemeo zote 4 zaidi kidogo ya nusu mfuko. Jumla ni mifuko 7, mchanga wilibaro 11, kokoto wilibaro 23. Mchanga usiwe wa pwani. Utaonja chumvi ukiuweka ulimini, na chumvi hiyo haitoki kwa kusuuza ndoo mbili; baadaye hula vyuma. Vivyo hivyo maji ya kisima yenye chumvi: nilinunua maji baridi ya kuchanganyia. Zege iwe nzito. Ikimwagika kama uji, imezidi maji na itakuwa dhaifu. Ishindilie kwa kipande cha fito ili hewa itoke, na uso wake uinuke kidogo kuzunguka nguzo ili maji ya mvua yakimbie.

Kisha gunia lililolowa juu ya kila shimo, maji asubuhi na jioni, siku 7. Jua la hapa hukausha zege kabla haijakomaa, na iliyokauka hivyo huwa kama chaki.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu, na si kwa kukosa ujuzi. Fundi anayelipwa kwa kazi nzima anataka kumaliza kesho. Atakaza waya zege ikiwa na siku moja, nguzo za pembe zitainama kwa unene wa kidole, na kidole hicho kinatosha waya ulegee katikati. Kwa hiyo tulikubaliana kabla ya kuanza: ufundi tu, vifaa juu yangu, safari ya kwanza kusimamisha nguzo, safari ya pili kukaza waya baada ya wiki, na sehemu ya malipo ikisubiri safari ya pili. Muulize hivi: "Fundi, waya utaukaza lini?" Akisema kesho, shukuru na umtafute mwingine.

Kwanza huvutwa nyaya tatu za kubeba, juu, kati na chini, geji 12.5, zenye zinki. Kumbuka namba ya geji ikipanda waya unakonda: 12.5 ni milimita 2.5, 16 ni 1.6 tu. Cheni linki yenyewe nilikataa geji 16, maana karibu na bahari waya mwembamba huisha upesi. Kuunganisha roli mbili huhitaji ufumaji, wala si kufunga kwa vipande. Unazungusha uzi mmoja wa mwisho wa roli ya kwanza kama parafujo mpaka utoke wote, unasogeza roli ya pili ikutane nayo, unaurudisha uzi uleule ukiuzungusha kupitia matundu ya pande zote mbili. Kiungo hakionekani. Chini acha sentimita 5 kutoka mchanga, la sivyo unyevu utaanza kula matundu ya chini.

Kuna jambo dogo linaloua fensi nyingi za Malindi: waya wa kufungia. Fundi ana rundo la ule waya mweusi wa kufungia vyuma vya ujenzi, naye hutumia huo. Hauna zinki. Hupata kutu kabla ya kitu kingine chochote, kutu hiyo hutiririka juu ya cheni linki, na siku moja sehemu nzima inaning'inia ilhali waya wenyewe ni mzima. Nunua geji 14 yenye zinki, kata urefu wa shubiri, funga kila tundu la tatu au la nne kwenye waya wa juu, na ncha zigeukie upande wako, si wa jirani mwenye watoto.

Kazi yote iwe imekwisha kabla ya masika. Mvua ikianza, udongo wa juu hulegea kuzunguka mashimo. Pita ukiushindilia kwa mguu, na kwenye mikwaruzo ya waya paka rangi ya zinki mapema. Kipande cha roli kilichobaki, mita 8 hivi, kikunje ukitundike ndani pasipofika upepo wa bahari, pamoja na ule waya wa geji 14.